Kutekwa kwa Chumba cha Hadubini

Nyamazeni, enyi watu wa Majengo mnaopimiana sukari kwa kijiko, nanyi wa Pito mnaorudi shambani na majembe begani, nanyi wa Kasanga mliopanda mlima na samaki wenu wakavu! Nyamazeni, fungeni redio, waiteni na watoto, kwa maana ninayo tarihi ambayo haikupata kusikika tangu Ufipa iitwe Ufipa. Wengine wamewasimulia vita vya wafalme, majeshi yaliyofunika mabonde na mikuki iliyoziba jua. Mimi nawasimulia jinsi mtu mzima, mwenye cheo, mke na tumbo, alivyopita dirishani. Mola auongoze ulimi wangu nisizidishe wala nisipunguze. Na nikizidisha kidogo mtanisamehe, maana hata waandishi wa taarifa za maendeleo huzidisha, nao hulipwa.

Ilikuwa katika miaka ile ya vijiji vya ujamaa, nchi nzima ilipokuwa ikifunga mizigo na kuhamia karibu na barabara, na kila kijiji kipya kikaahidiwa zahanati, na kila zahanati ikaahidiwa mganga. Waganga hawaoti kama uyoga, hivyo kikaanzishwa pale Sumbawanga chuo cha kuwafunza waganga wa vijijini, na juu ya mafunzo yake yote akawekwa Polikarp: Polikarp mpana wa kifua na mpana zaidi chini ya kifua, mvunja matonge ya ugali wa ulezi, simba wa ubao na chaki, Mratibu wa Miradi na Mafunzo. Alikuwa na mradi wa vyoo, mradi wa bustani, mradi wa wakunga wa jadi, na alikuwa na mradi mwingine wa kuiratibu hiyo miradi, ambao ndio uliomnyima usingizi.

Lakini mradi ulioipita yote ulikuwa Chumba cha Hadubini. Wafadhili wa nchi za theluji walituma hadubini mpya, zinazong'aa, kila moja na kioo chake kidogo cha kukamatia mwanga wa jua, ili waganga wa vijijini wajifunze kukiona kijidudu cha malaria katika tone la damu badala ya kukikisia. Zilikuja kwa meli hadi Kasanga, zikaupanda mlima kwa lori la Mzee Bashiri, mwenye duka pale Majengo, ambaye aliliendesha taratibu kama anamsindikiza bibi harusi, kwa kuwa aliambiwa kwamba kikivunjika kitu humo ni mali ya umma. Chumba chenyewe kilijengwa na wanafunzi kwa moyo wa kujitegemea. Walifyatua matofali, wakayachoma, wakayabeba vichwani, wakaezeka bati. Mezani zikapangwa hadubini. Kisha mlango ukafungwa kwa kufuli, ukapitishwa utepe mwekundu kutoka mwimo hadi mwimo, na hakuna aliyeruhusiwa kuingia tena.

Mnashangaa? Basi ninyi si wa zama zile. Palikuwa na sheria isiyoandikwa mahali popote wala kuvunjwa na mtu yeyote, kwamba kitu kipya hakitumiki mpaka Mgeni Rasmi akifungue. Kulikuwa na kisima upande wa Laela ambacho kina mama walikitazama msimu mzima, maji yakiwa yamejaa hadi shingoni, kisha wakashuka mtoni na ndoo zao kwa sababu Mgeni Rasmi alikuwa safarini. Kulikuwa na daraja lililopendeza sana, na watu walilipenda kutoka chini, wakiwa wamepandisha nguo, maji magotini. Nasi hatukuona ajabu. Mtu hali pilau kabla ya fatiha.

Mgeni Rasmi wa Chumba cha Hadubini alikuwa Mheshimiwa mmoja wa Dar es Salaam, ambaye jina lake sitalitaja, kwa heshima na kwa tahadhari. Aliahidi kuja baada ya Pasaka, mvua ikaikata barabara. Aliahidi tena, petroli ikawa adimu. Safari ya tatu ng'ombe alikwisha kuchinjwa na ngoma zikapashwa moto, ndipo ikaja simu kwamba Mheshimiwa amepata ufunguzi mwingine ulio karibu zaidi na nyumbani kwake. Tuliila nyama ile kwa uzalendo mkubwa.

Na mlinzi wa utepe alikuwa nani? Alikuwa Eustaki, Katibu wa Tawi la Chama pale chuoni: Eustaki mrefu, mkavu, mwenye suruali ya kaki iliyonyooshwa hadi ikawa na makali, ambaye ufunguo wa kufuli aliufunga kwenye pindo la leso, na leso akaitia katika mfuko wa shati, na mfuko akaubana kwa pini. Kila asubuhi aliukagua utepe. Ukilegea, aliukaza. Kunguru mmoja alipothubutu kutua juu yake, Eustaki alimkaripia mpaka akajutia mabawa yake.

Huko nje, barazani, upepo wa Ufipa ukivuma kutoka milima ya Mbizi na kuwapiga wanafunzi mbavuni, Polikarp alifundisha somo la hadubini pasipo hadubini. Nani mwingine duniani angeliweza? Alichora hadubini ubaoni. Kisha akakata mianzi, akampa kila mwanafunzi kipande chake, akawaamuru wafumbe jicho moja na kutazama kwa lingine, huku vidole vikizungusha visukio vya kurekebishia lenzi, ambavyo havikuwapo. Walitazama. Waliona miguu yao. Kisha, kwa nidhamu isiyo na kifani, walichora daftarini vijidudu vya malaria kama vilivyokuwa ubaoni, pamoja na alama ile iliyotokana na kiganja cha mwalimu kilipofuta vibaya.

Katika wanafunzi hao alikuwamo Luciana, binti wa kijiji kimoja cha ziwani karibu na Kasanga, mwepesi wa miguu na mzito wa kusema. Kijiji chake kilikuwa kimekwisha kumaliza zahanati. Ilikuwa na bati, ilikuwa na kitanda, ilikuwa na ubao wenye maandishi mazuri, na ndani yake walilala mbuzi, wakimngoja Luciana aje na cheti awatoe. Kila meli iliposhusha watu, wazee wa kijiji walituma salamu kwa lori la Bashiri: mganga wetu anamaliza lini? Luciana alizipokea salamu zile akatabasamu, kisha akaenda nyuma ya jiko akalia, kwa sababu alijua jambo ambalo wazee hawakulijua. Mtahini wa Wizara, Daktari Saad, alikuwa anakuja mwezi wa nane, na desturi yake ilijulikana nchi nzima. Humweka mwanafunzi mbele ya hadubini ya kweli, humpa damu, na humuuliza: unaona nini? Asiyejua hurudi kwao mikono mitupu. Na darasa zima lisipojua, mafunzo huhamishiwa mkoa mwingine, penye watu wanaoona. Luciana hakuwa ameigusa hadubini hata kwa ncha ya kidole. Aliogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa.

Ndipo Polikarp alipomwendea Eustaki, mchana kweupe, mbele ya mlango wenye utepe, na wanafunzi wakasimama nyuma yake. Na hapo yakasemwa maneno ambayo yangepaswa kuchongwa kwenye jiwe, kama mradi wa jiwe ungekuwapo.

"Ndugu Katibu!" akanguruma Polikarp. "Ewe mlinzi usiyesinzia, ewe pini ya mfuko wa umma! Nyuma yako zimelala hadubini, na mbele yako wamesimama watoto wa wakulima. Kati ya hivi viwili kuna kitambaa alichokishona Mwasiti, mke wa Bashiri, kwa cherehani ya kukanyaga. Nakuuliza: kitambaa hiki ni kikubwa kuliko malaria?"

Eustaki aliiweka vizuri kola yake. "Ndugu Mratibu," akasema, na sauti yake haikutetereka, "umesema vizuri, na mimi nakusikia. Lakini wewe una elimu. Ukifukuzwa huku, utafundisha kule. Mimi nina Chama tu. Mwaka juzi mwenzangu aliwaonea huruma akina mama, akawaacha wateke maji kabla ya ufunguzi. Mheshimiwa alipofika akakuta kata ya kutekea maji ndani ya kisima. Unajua huyo mwenzangu yuko wapi? Yuko bondeni, analinda ghala la mahindi lisilo na mahindi. Nina watoto, ndugu yangu. Utepe huu haukatwi."

"Kwa hiyo watoto hawa wafeli?"

"Sikusema wafeli. Mimi nina binti wa kaka yangu humo humo darasani. Unadhani nalala?"

Upepo ukauchezea utepe. Eustaki akauangalia, akawaangalia wanafunzi, akamwangalia Luciana aliyekuwa ameshika kipande chake cha mwanzi kwa mikono yote miwili. Kisha akakohoa, kikohozi cha mtu mwenye cheo.

"Nimekabidhiwa mlango," akasema polepole. "Mlango huu nitaulinda mpaka kufa. Nitaleta kiti changu, nitakaa hapa mbele, nitatazama barabara. Shingo yangu siku hizi inauma, haigeuki nyuma. Mwenye masikio ameshasikia." Akaenda kuchukua kiti.

Enyi wasikilizaji, mji hauna budi kuwa na mlango wa nyuma, na usipokuwa nao, una dirisha. Chumba cha Hadubini kilikuwa na madirisha mazuri ya mbao, na nondo zake zilikuwa zimeagizwa lakini hazijafika, kama nondo zote za zama zile. Moja lilitazama jikoni. Ndani lilishikwa na kitanzi cha waya. Na mchana ule ule, baada ya maharage, jeshi la wanafunzi waganga likazunguka jengo kwa kunyatia, mbele yao akienda Polikarp, mabegani ameweka koti, mkononi ameshika rula ya ubaoni iliyomzidi kimo mtoto wa darasa la nne.

Aliipenyeza rula katika ufa, akakitafuta kitanzi, akakikosa, akakitafuta tena huku ulimi umemtoka pembeni mwa mdomo, mpaka kitanzi kikaruka na dirisha likafunguka kwa mlio ambao, nawaapia, ulisikika Majengo. Upande wa mbele Eustaki akaanza kuimba wimbo wa Chama kwa sauti kubwa.

"Mwalimu, atangulie mwembamba," akashauri Luciana.

"Hapana!" akajibu Polikarp. "Mratibu huratibu kwa kutangulia! Likitokea la kutokea, waseme aliyevunja utaratibu ni mtu mzima, si mtoto." Maneno hayo, ndugu zangu, hayana mzaha ndani yake. Mtu huyu alikuwa na mshahara wa kupoteza.

Akakanyaga tofali, akaingiza kichwa, mabega yakafuata kwa adabu. Kisha likafika tumbo. Tumbo la Polikarp lilijengwa kwa ulezi wa miaka mingi, na halikuwa na desturi ya kukurupuka. Likakaa juu ya kizingiti cha dirisha likatafakari. Miguu yake nje ikapiga hewa, mikono yake ndani ikapiga hewa, na katikati hakukuwa na hewa kabisa.

"Vuta pumzi ndani, mwalimu!"

"Ningekuwa na nafasi ya kuivutia, si ningekuwa nimeshapita?"

Hapo ndipo vijana wa kiume wakaukamata mguu wa kulia, wa kike wakaukamata wa kushoto, na Luciana, aliyezoea tangu utotoni kuusukuma mtumbwi kutoka mchangani, akaweka bega lake mahali ambapo mwanafunzi hapaswi kuweka bega kwa mwalimu wake, akapiga ukelele wa watu wa ziwani: "Haya, wote kwa pamoja!" Wakasukuma. Kifungo cha shati kiliruka kikashuhudia vita kikiwa sakafuni. Wakasukuma tena. Na Polikarp, mwana wa nyanda za baridi, akaingia katika Chumba cha Hadubini kwa kichwa, akaangukia mikono, akaviringika, akasimama, akajipangusa vumbi. Hadubini haikuguswa hata moja. Wanafunzi wakaingia nyuma yake kwa urahisi wa kuudhi.

Sasa sikieni balaa. Walipoketi mbele ya hadubini za kweli, kila mmoja alifumba jicho moja, akazungusha visukio, akabana pumzi, na kisha wote wakachora vijidudu vya ubaoni pamoja na ile alama ya kiganja. Polikarp akapita nyuma yao akitazama madaftari. Akasimama. Akauliza kwa upole wa kutisha, "Mmeona hivyo?"

"Ndiyo, mwalimu!"

"Vioo vya damu bado sijaweka."

Hakuna aliyeinua uso. Polikarp naye hakugomba, kwa sababu alimjua aliyewafunza vile. Alikaa juu ya meza kwa kitambo, akiwa ameshika kifungo chake mkononi, kisha akasema, "Basi tunaanza upya. Sheria ya humu ndani ni moja. Ukiona, sema umeona. Usipoona, sema huoni. Huko nje fanyeni mnavyotaka."

Wakatobolana vidole, wakapaka damu kwenye vioo, wakaitia dawa ya rangi, wakatazama. Na hapakuwa na adui. Kwa maana Ufipa ni nchi ya baridi, na mwezi wa saba mbu mwenyewe hujikunyata. Damu zao zilikuwa safi, hata ya Luciana, aliyekaa mlimani msimu mzima akimeza klorokwini kwa ratiba. Jeshi lilikuwa limeuteka mji, na mji ulikuwa mtupu! Wangejifunzaje kumjua kijidudu ambaye hayupo?

Ndipo wakasikia, kutoka upande wa pili wa mlango, kiti kinagonga ubao: ko-ko-ko-ko. Wimbo wa Chama ulikuwa umekatika. Polikarp akasogeza mdomo kwenye ufa wa mlango.

"Ndugu Katibu, unatetemeka?"

"Ni upepo huu," ikajibu sauti. "Sisikii kitu wala sisemi na mtu. Ba-baridi tupu."

"Wiki mbili zilizopita ulikuwa wapi?"

"Ziwani, kukagua vijiji. Kasanga."

Ndani ya chumba wanafunzi wakatazamana. Luciana akapita dirishani kabla hajatumwa, akalizunguka jengo, akapiga goti mbele ya kiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Rudi ulikotoka, sikukuona."

"Mzee, naomba kidole chako."

"Kidole changu?" Eustaki akajikunja ndani ya koti lake, meno yakigongana, na bado akajaribu kutoa hotuba. "Binti, mimi ni Mfipa wa mlimani. Babu yangu hakuugua malaria, baba yangu hakuugua. Damu hii imekula viapo. Haina wadudu."

"Inawezekana, mzee. Tutatazama. Kama hakuna, nitakuambia hakuna."

Alimtazama binti yule, akautoa mkono. Alipotobolewa alifumba macho, mlinzi wa utepe, na haya sikuyazidisha.

Damu ya Eustaki ilipita dirishani juu ya kioo, ikapakwa, ikatiwa rangi, ikawekwa chini ya hadubini iliyo karibu na mwanga. Luciana ndiye aliyetazama kwanza. Alizungusha kisukio mbele, akakirudisha nyuma. Alizidi kutazama mpaka wenzake wakaanza kumsukuma kwa viwiko. Hakuona kilichokuwa ubaoni. Aliona damu, na ndani ya damu pete ndogo za samawati, kila moja na nukta nyekundu, nyembamba, nzuri kuliko alivyotarajia, na nyingi mno.

"Wapo," akasema. Kisha sauti ikampanda. "Wapo, mwalimu! Wamejaa!"

Shangwe ikapasuka humo ndani. Wakapanga foleni kutazama, wakasukumana, na Polikarp akalia, ndiyo, alilia machozi kabisa. Lakini nje ya mlango shangwe ile ilimchoma mtu mmoja.

"Wamejaa nini?" akafoka Eustaki. "Mnashangilia nini katika damu yangu? Nataka kuwaona!"

"Ndugu Katibu, na mlango?"

Hapo pakatokea mashauriano mazito, maana mlango hauachwi. Mwishowe Polikarp akatolewa dirishani kwa msukumo uleule ulioelekezwa kinyume, akaenda kukaa kwenye kiti cha ulinzi, akatazama barabara kwa ukali unaofaa. Eustaki, ambaye wembamba wake sasa ulimfaa, akapita dirishani akitetemeka, suruali ya kaki ikapoteza makali yake milele. Akaweka jicho kwenye hadubini. Kisha akainua uso, na uso wenyewe ulikuwa na jasho na hasira ya haki.

"Hawa hawafanyi kazi?"

"Hawafanyi, mzee," akajibu Luciana.

"Wanakula jasho la mwenyeji wao?"

"Damu kabisa, mzee."

"Na wanazaliana?"

"Kila baada ya siku chache. Ndiyo maana homa inakwenda na kurudi."

"Kupe!" akapiga kelele Eustaki. "Wanyonyaji! Nimewahutubia vijiji vyote vya ziwani kuhusu wanyonyaji, kumbe nilikuwa nimewabeba mwenyewe! Nipeni dawa." Akameza klorokwini kavukavu, bila maji, kama mtu anayepiga kura. Kisha, akiwa amejishika kwenye meza, akatamka kwamba darasa liendelee kila siku baada ya chakula cha mchana, na kwamba kwa afya yake shingo itaendelea kuuma mpaka mwezi wa nane.

Ikawa hivyo. Kila mchana Eustaki aliulinda mlango, na kila mchana waganga waliingia dirishani. Kutoka hospitali walipewa damu za wagonjwa wa bondeni na wa ziwani, wakajifunza kuwatofautisha wadudu wabaya na wabaya zaidi. Ndipo Daktari Saad akashuka kutoka kwenye lori la Bashiri, vumbi hadi kope, mtu mfupi mwenye miwani na haraka. Akasimama mbele ya mlango, akautazama utepe.

"Hiki ndicho chumba cha mafunzo?"

"Ndicho, Daktari," akasema Polikarp.

"Na hakijafunguliwa?"

"Hakijafunguliwa."

"Basi wamejifunza wapi?"

Hapo, wasikilizaji, roho zote ziliruka. Polikarp akisema wamejifunza humu, Eustaki anakwenda kulinda ghala. Akisema hawakujifunza, Luciana anarudi kwa mbuzi. Polikarp akafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hotuba haikutoka. Eustaki akasimama kutoka kwenye kiti chake.

"Daktari," akasema, "mimi ndiye mlinzi. Mlango huu haujaguswa na mtu. Kama kuna swali jingine, niulize mimi, nitalijibu mimi, na litakaloandikwa liandikwe juu yangu."

Daktari Saad akamtazama. Akatazama ukuta. Akatembea taratibu kuelekea jikoni, akalikuta dirisha, na chini yake akaona matofali yaliyopangwa kama ngazi, na kizingiti kilichong'arishwa na suruali za watu wengi. Alikaa hapo kidogo, akisafisha miwani.

"Chuo kilichopita," akasema, "niliwatahini nje, chini ya mwembe, kwa kutumia picha. Utepe wao ulikuwa wa kijani." Akavua koti, akampa Eustaki. "Nishikie, ndugu." Akapita dirishani.

Akawaita mmoja mmoja. Luciana alipoketi, Daktari Saad aliweka kioo, akarudi nyuma, akafunga mikono kifuani. Luciana akatazama. Akasogeza kioo kulia, akakisogeza kushoto, akazitafuta zile pete alizozizoea, na hazikuwapo. Kichwani alikuwa na ubao mzima wa vijidudu. Angeweza kuvichora amefumba macho, na aliwaza zahanati, aliwaza wazee, aliwaza salamu zote zile zilizokuja na lori.

"Unaona nini?"

"Sioni kitu, Daktari."

"Tazama tena. Wenzako wawili wameona."

Akatazama tena. Muda ukapita mpaka kivuli cha dirisha kikasogea mezani. Nje, chini ya dirisha, Polikarp na Eustaki walikuwa wameshikana mikono kama maharusi, wala hawakujua.

"Hamna," akasema Luciana, na sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikurudi nyuma. "Huyu hana malaria. Mwenyewe ana homa, pengine, ila atafutiwe ugonjwa mwingine. Mimi dawa ya malaria simpi."

Daktari Saad akakiondoa kioo. "Hii ni damu yangu," akasema. "Nilijitoboa asubuhi. Na niko mzima, alhamdulillahi. Mwambie anayefuata aingie."

Darasa likafaulu, wote ila wale wawili, ambao walitakiwa kurudia baada ya miezi mitatu. Luciana akateremka Kasanga na cheti, na siku hiyo hiyo mbuzi wakahamishwa.

Mgeni Rasmi je? Alikuja, enyi wenye imani ndogo! Alikuja mwaka uliofuata, mvua zilipokwisha, katika gari lenye bendera, na ng'ombe mwingine akachinjwa. Akakata utepe kwa mkasi uliowekwa juu ya mto. Eustaki akafungua pini, akatoa leso, akatoa ufunguo. Mheshimiwa akaingia na msafara, na darasa jipya la wanafunzi nyuma yake, akazungusha macho. "Nafurahi kuona chumba ni kipya kabisa," akasema, "na kwamba hamkuwa na papara. Kuanzia leo, sasa, ndugu zangu, mnaweza kuanza kujifunza." Na saa ile ile, kule ziwani, Luciana alikuwa amefumba jicho moja, na foleni ya wagonjwa ilikuwa imefika kwenye mtumbwi.

Makofi yakapigwa. Kisha ikatangazwa chakula, na hapo likatukia jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Wanafunzi, ambao nao walikuwa wakiingia dirishani mwaka mzima, mlango ukiwa wazi mbele yao, wakageuka wote, wakapanga foleni yenye nidhamu, wakaanza kutoka kwa dirisha.

Mheshimiwa akawatazama. "Ndugu Katibu, hili ni zoezi?"

"Ni utaratibu wa chuo, Mheshimiwa," akajibu Eustaki, macho mbele, shingo haigeuki.

"Ukakamavu mzuri sana," akasema Mheshimiwa. Na kwa kuwa mpiga picha alikuwa amesimama upande ule, akampa msaidizi wake mkasi, akapandisha suruali, naye akapita. Ikapigwa picha. Wakuu wote wa msafara wakapita nyuma yake, mmoja mmoja, kwa vyeo.

Basi andikeni katika tarihi ya Ufipa, nanyi wasomi msibishe, kwamba wa kwanza kukiteka Chumba cha Hadubini alikuwa Polikarp, Mratibu wa Miradi na Mafunzo, mpasua dirisha, baba wa wanaoona. Na kwamba wafalme wengine wameachia watoto wao ng'ombe, naye aliacha kizingiti kilichong'ara. Siku ile ya sherehe alibaki ndani peke yake, akizifunika hadubini vitambaa. Alipomaliza akaliangalia dirisha, akajipapasa tumbo, ambalo tangu siku ile ya kwanza lilikuwa limeongezeka. Akatoka kwa mlango, na alikuwa mtu wa kwanza kufanya hivyo.